Hongera na Pole: Somo kwa Wazazi Ambao Watoto Wao Wakubwa Wameondoka

Somo la toleo hili linawahusu wazazi, lakini si wale wenye watoto wachanga. Tunataka kuzungumza na mama na baba ambao watoto wao wamekuwa watu wazima na wameshika njia zao. Mmoja ameolewa Narok, wa pili yuko chuo kikuu Eldoret, wa tatu amepanda ndege kwenda Saudia, na kitinda mimba amepata kazi Mombasa na amekodi chumba huko. Nyumba imebaki na watu wawili, au na mtu mmoja.

Katika kazi yetu ya ustawi wa jamii hapa Kitengela na kule Kajiado, hatujawahi kumwona mzazi akibisha mlango na kusema, "Nimekuja kwa sababu mtoto ameondoka." Anakuja na mambo mengine. Kichwa kinauma na dawa za dukani hazisaidii. Usingizi hakuna, saa nane za usiku macho yako wazi. Amegombana na mpangaji kwa sababu ya maji. Bwana siku hizi anarudi usiku, na akirudi hana neno. Tunamsikiliza. Baada ya muda tunauliza swali moja tu: "Na watoto wako wapi sasa?" Hapo ndipo machozi yanatoka, na mara nyingi mwenyewe anashangaa yametoka wapi. Anajifuta haraka na kuomba radhi. "Hata sijui nalia nini. Si ni baraka tu?"

Ni baraka, hatubishi. Lakini shida iko hapo hapo. Katika lugha yetu mtu akifanikiwa tunamwambia hongera, na akipoteza tunamwambia pole. Mzazi ambaye mtoto wake ameondoka kwa heri amefanikiwa na amepoteza siku moja, ila majirani wote wanampa hongera peke yake. Pole anajinyima hata yeye mwenyewe, maana anaona haya. Jirani wa pili amezika kijana wake mwaka huu, sasa yeye atamlilia kijana aliyepata kazi? Kwa hiyo ananyamaza, na kile alichonyamazia kinatafuta mlango mwingine wa kutokea: kichwa, tumbo, presha, ugomvi wa maji.

Uzito wa jambo lenyewe

Mwaka wa 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya mambo 43 yanayogeuza maisha ya mtu na kumletea mfadhaiko, kila jambo na alama zake. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100, talaka 73, kustaafu 45. Mtoto kuondoka nyumbani kulipewa alama 29, sawasawa na kukosana na wakwe.

Tunapenda kuwatajia watu hesabu hii kwa sababu alama hizo hujumlishwa. Watumishi wa serikali hapa Kenya wanastaafu wakiwa na miaka 60 (hadi mwaka wa 2009 ilikuwa 55). Ni karibu na umri huo ambapo kitinda mimba wa wengi anamaliza masomo na kuondoka. Ukijumlisha 45 na 29 unapata 74. Mzee huyo amebeba mzigo unaopita ule wa talaka, na hakuna aliyemwona amebeba kitu. Akina mama nao, wengi jambo hili linawakuta kati ya miaka 45 na 55, wakati hedhi inakoma, mwili unapandwa na joto na usingizi unakatika. Mama anashindwa kujua kama ni mwili au ni moyo. Mara nyingi ni vyote viwili.

Orodha hiyo ilitungwa kwa Wamarekani, basi haina ukame ndani yake wala haina ng'ombe. Mfugaji wa Mashuuru aliyepoteza mifugo wakati mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, na katika miezi hiyo hiyo kijana wake akaenda Nairobi kuwa bawabu, itabidi ajumlishe mwenyewe. Amepoteza mtoto wa kukaa naye jioni na amepoteza mchungaji. Leo ana miaka zaidi ya sitini na anafuata ng'ombe kwa miguu yake.

"Mimi nimezoea, alienda bweni"

Wazazi wengi wanatujibu hivyo. Mtoto alienda shule ya bweni akiwa kidato cha kwanza, na sanduku lake la chuma, godoro na ndoo. Kama kuondoka ni huko, basi waliumaliza uchungu zamani.

Tunaona kuna tofauti kubwa. Mtoto wa bweni ana tarehe. Kuna siku ya kuwatembelea wanafunzi, kuna katikati ya muhula, kuna siku ya kufunga. Mzazi hahesabu siku tangu mtoto aende, anahesabu zilizobaki kabla hajarudi, na kalenda ya shule inamhesabia. Aliyekwenda kujitegemea hana siku ya kufunga. Atakuja Krismasi akipata ruhusa. Na akija anakuja kama mgeni: anauliza taulo iko wapi, anaomba kuchaji simu, anaangalia saa ya matatu ya kurudi. Mama amepika chapati za kutosha siku tatu na mtoto analala usiku mmoja.

Jambo lingine ni jina. Kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto. Unaitwa Mama Wanjiru au Mama Saitoti sokoni, chamani, kanisani, hata mumeo anakuita hivyo. Kwa miaka ishirini na kitu jina hilo lilikuwa pia ni kazi: kuamsha, kupika uji, kutafuta karo, kufua sare ya shule, kuuliza mbona umechelewa. Siku moja kazi inakwisha na jina linabaki. Mama mmoja wa Noonkopir alituambia, "Wananiita Mama fulani na huyo fulani simwoni miezi saba. Ni kama wananikumbusha." Alikuwa bado anasonga ugali wa watu sita, na mwingi unakwenda kwa mbwa. Tulimshauri anunue sufuria ndogo. Alikasirika kidogo, na tulimwelewa, maana kununua sufuria ndogo ni kukubali. Aliinunua baada ya Pasaka.

Mji wetu ulivyo

Kitengela si kijiji cha zamani. Ardhi hii ilikuwa malisho. Ranchi ya pamoja ya Kitengela, moja kati ya zile zilizotokana na sheria ya mwaka wa 1968, iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama na hati yake. Baadaye hati zikakatwa vipande, vipande vikawa ploti za hamsini kwa mia. Karibu nasi, Athi River, kuna viwanda vya EPZ vilivyokuja na sheria ya 1990. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 iliukuta mji wa Kitengela na wakazi zaidi ya 150,000.

Wengi wetu tuliojenga hapa tulitoka kwingine: Ukambani, Murang'a, Kisii, Kakamega. Huko mtoto akiondoka, mama anabaki na wifi jikoni, mama mkwe uani, watoto wa shemeji mlangoni. Kelele haziishi. Hapa nyumba ina ukuta na lango la chuma, na jirani wa upande ule pengine hujui hata jina lake. Tulijenga vyumba vinne kwa sababu ya watoto. Baba mmoja alituuliza, "Sasa hii nyumba yote nifanyie nini? Nililipa mkopo miaka kumi na mitano ndiyo nikae na paka?" Alikuwa anacheka aliposema hivyo, lakini swali ni la haki.

Wenzetu Wamaasai hali yao ni nyingine, ila inafika mahali pamoja. Boma la zamani lilikusanya familia nyingi ndani ya ua mmoja. Ardhi ilipogawanywa, kila jamaa alihamia kwenye kipande chake, waya zikapigwa, na mama ambaye zamani angekuwa na nyumba za wake wenza na mashemeji kumzunguka sasa anaona moshi wa jirani kwa mbali.

Wazee walifanyaje?

Hawakumwacha mzazi aondokewe kimyakimya. Katika Eunoto, sherehe ya morani kuingia daraja la juu, anayemnyoa morani nywele zake ndefu ni mama yake mzazi. Kabla ya hapo akina mama walikwenda wenyewe kujenga nyumba za manyatta ya vijana wao. Kijana aliyejigamba miaka yote anakaa chini, mama anamnyoa, na si ajabu kumwona morani akilia mbele ya watu. Mama ana kazi katika kuondoka kwa mwanawe, na kazi hiyo inafanywa hadharani. Binti naye akiolewa, wazee wanambariki kwa maziwa, na anapotoka bomani kwa baba yake hageuki nyuma. Kila mtu anajua kwamba siku hiyo kuna jambo kubwa limetokea kwa aliyeondoka na kwa waliobaki.

Mwaka wa 2018 UNESCO iliziandika sherehe tatu za marika ya Kimaasai, yaani Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hatusemi turudishe kila kitu. Ziko desturi zilizowaumiza wasichana, nasi tumezipinga na tutaendelea kuzipinga. Lakini tazama mtoto anavyoondoka siku hizi: begi moja, boda boda hadi steji, "Mum nitakupigia nikifika," basi. Mama anarudi ndani kuosha vikombe.

Baba na mama hawalii namna moja

Tunaomba wanandoa wasome Kitabu cha Tobiti, sura ya 10. Kijana Tobia ametumwa safari ya mbali kuchukua fedha za baba yake, na siku alizotarajiwa zimepita. Mama yake, Ana, anatoka kila siku kuangalia ile njia aliyoifuata mwanawe. Hali chakula, na usiku analia. Anasema mwana amekufa. Mzee Tobiti anamwambia anyamaze, kijana ni mzima, wamecheleweshwa tu. Ana anamjibu anyamaze yeye. Ukisoma kwa makini utaona kwamba mzee naye alikuwa akizihesabu siku za safari, moja moja, na kujiuliza kama kuna jambo. Hofu yao ilikuwa moja, ila mmoja aliionyesha na mwingine akaifunika, na kwa sababu hiyo wakagombana. Sababu ya kijana kuchelewa, ilikuwa harusi yake.

Hayo tunayaona hapa kila mwezi. Mama analia, baba anasema, "Huyo mtoto si amepata kazi, unalilia nini?" Mama anaona mume hana moyo. Mume anaona akikubali kulia wote wawili watazama. Tunamjua mzee mmoja upande wa Isinya ambaye kila jioni alikuwa akiwasha pikipiki ya kijana wake aliyekwenda masomoni, anaiacha ingurume dakika tano, kisha anaizima. Alisema ni ya kulinda betri. Mkewe alikuwa amemlalamikia kwetu kwamba mzee hajali. Tulimwambia mama aende asimame naye karibu na hiyo pikipiki, asiseme kitu.

Kuna wanandoa ambao kwa miaka ishirini mazungumzo yao yote yalikuwa karo. Nani atalipa, imebaki ngapi, shule imepiga simu. Watoto wakiondoka karo inaisha na mazungumzo yanaisha. Wanakaa sebuleni kama abiria wa matatu moja. Baba anahamia baa. Mama anahamia kanisani Jumatatu hadi Jumapili, na tunasema hili tukijua sisi ni watu wa kanisa: kuna kwenda kusali na kuna kukimbia nyumba. Wanandoa hao hatuwapi hotuba ya mapenzi. Tunawapa kazi moja ya mikono ya kufanya pamoja mara mbili kwa wiki, bustani ya sukuma wiki, kuku, au kutembea hadi sokoni na kurudi. Maneno huja yenyewe mikono ikiwa na kazi.

Wajane na akina mama waliolea peke yao hawana hata wa kugombana naye. Hao jumuiya iwatembelee mapema, isingoje wanyamaze. Na wako wanaoachiwa mjukuu mama yake akienda kutafuta kazi. Hao shida yao si ukimya, ni uchovu, na tutawaandikia somo lao.

Hofu yenye sababu

Tutofautishe huzuni na hofu. Mzazi ambaye binti yake yuko Mombasa ana huzuni. Mzazi ambaye binti yake ni mfanyakazi wa nyumbani Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili ana huzuni na pia ana hofu, na hofu yake ina sababu, maana tumepokea wasichana waliorudi na majeraha na wengine walirudi ndani ya sanduku. Saa za Riyadh ni sawa na zetu. Mama akiamka saa kumi na moja alfajiri anajua huko nako ni saa kumi na moja, na anakaa kitandani akingoja alama ya kijani kwenye simu.

Hofu kama hiyo haiondoki kwa kuambiwa "omba tu, Mungu yupo". Sala ni sala na nakala ya mkataba ni nakala ya mkataba. Kabla binti hajaondoka, wekeni katika bahasha moja nyumbani: nakala ya pasipoti, mkataba, jina la wakala na leseni yake kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, jina na anwani ya mwajiri, na namba ya ubalozi wa Kenya kule Riyadh. Patana naye neno moja la kawaida, kama jina la shangazi ambaye hayupo, kwamba akilitaja kwenye simu maana yake ni kuna taabu na mtu anamsikiliza. Tumeona akina mama wakilala vizuri zaidi baada ya bahasha hiyo kukamilika, ingawa binti hakuwa karibu hata kwa kilomita moja.

Simu na ile mia mbili

Tangu M-Pesa ije mwaka wa 2007, pesa za mtoto zinafika bila mtoto. Ni msaada mkubwa na hatuusemi vibaya. Lakini mtoto anatuma elfu moja na kuona amesema yote. Mzazi anafungua ujumbe, anatafuta sauti ya mtoto, hakuna. Na wako wazazi wanaoomba mia mbili ya unga na unga upo ndani. Hawaombi kwa sababu ya ile mia mbili. Mtoto hajui hilo, anaona mama amekuwa wa kuomba-omba, anaanza kuacha simu ilie. Kila mmoja anamlaumu mwenzake, na wote walitaka kitu kimoja.

Tunawashauri wazazi waseme wazi: "Leo sitaki pesa, nimetaka kukusikia." Ni sentensi ngumu, hasa kwa baba. Halafu chagueni siku, tuseme Jumapili jioni, iwe siku ya simu. Siku nyingine ni za dharura. Mzazi anayepiga mara tatu kwa siku kuuliza "umekula?" hamsaidii kijana wala hajisaidii, na kama ni binti aliyeolewa juzi, simu ya mama kila asubuhi inaingia katika ndoa ya watu. Hapo zile alama 29 za kukosana na wakwe zinapanda juu ya zile 29 za kwanza.

Lini ni ugonjwa

Huzuni ya kawaida inakuja na kwenda kama mawingu ya Aprili. Mama analia asubuhi, mchana anacheka na wenzake. Hiyo ni haki yake na itapungua, kwa wengi ndani ya miezi. Lakini mtu akiwa na huzuni karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hali, halali au analala mchana kutwa, hakuna kinachomfurahisha, anajiona hana faida, huyo apelekwe hospitali, iwe ile ya Kitengela au ya rufaa Kajiado. Si mapepo wala si imani haba. Pombe ikiongezeka kwa baba, tuihesabu pia kama dalili.

Mtu akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake usiku huo, na asikemewe. Zamani familia zilificha mambo haya kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo nendeni hospitali bila hofu hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao una namba isiyotozwa malipo, 1199, ya kuzungumza na mshauri.

Tunavyoweza kufanya katika jumuiya

Mtoto akikaribia kuondoka, iwe ni chuo, kazi au ng'ambo, tunaomba Jumuiya Ndogo Ndogo ikutane nyumbani kwake jioni moja. Chai na mandazi inatosha, isiwe harambee. Mzazi amwekee mtoto mkono kichwani na kumbariki kwa maneno yake mwenyewe. Kisha, na hapa ndipo wengi wetu tunasahau, wazazi wakalishwe na wao waombewe, na kila mmoja wa wanajumuiya awaambie maneno yote mawili: hongera, na pole. Tumejaribu jambo hili mahali pachache. Mara ya kwanza watu walicheka walipofika kwenye "pole", na baba mwenye nyumba akatoka nje kidogo "kuangalia lango".

Wiki ya pili baada ya mtoto kuondoka ni nzito kuliko ya kwanza, maana wiki ya kwanza simu zinapigwa nyingi. Wiki hiyo ya pili ndiyo ya kumtembelea mzazi.

Kuhusu chumba cha mtoto tunaulizwa sana. Wengine wanakifunga na kufuli kama kaburi, wengine wanamtafuta mpangaji kabla shuka hazijakauka. Shauri letu ni kukiacha kilivyo mpaka mtoto arudi kutembea mara ya kwanza, kisha mkipange pamoja naye: vya kubeba, vya kugawa, vya kubaki. Kijana akikuta vitu vyake kwenye katoni stoo bila kuambiwa anaumia, hata akiwa na miaka 25 na ndevu.

Na tutazame vyumba vya kukodisha vilivyo ndani ya ploti zetu. Chumba namba tatu anakaa msichana wa miaka 22 kutoka Bungoma, anashona nguo EPZ, anatoka alfajiri na kurudi jioni miguu imevimba. Huyo ndiye mtoto aliyeondoka kwa mtu. Huko Bungoma kuna mama anayejiuliza kama amekula. Mwenye ploti anamjua kwa tarehe ya kodi tu, na mwenye ploti ni yule mama anayesonga ugali mwingi unaokwenda kwa mbwa. Hatusemi asidai kodi. Tunasema sahani moja ya chakula Jumamosi, na swali moja, "Nyumbani umepiga simu?"

Maswali ya kujadili katika jumuiya

Katika nyumba za jumuiya yetu, ni nani ambao mtoto wao wa mwisho ameondoka mwaka huu, na ni nani amewatembelea? Tuwataje kwa majina, tusiseme "wako wengi".

Ni vijana gani waliokuja kukaa kwetu kwa sababu ya kazi au masomo, na wazazi wao wako wapi?

Swali la tatu wanaume walijibu kwanza, kabla akina mama hawajaanza: siku ile mtoto wako alipoondoka, wewe ulikwenda wapi mchana huo, na ulifanya nini?